Ghala na Soko

Wahenga walituachia methali mbili ambazo ni kama ndugu wa tumbo moja. Ya kwanza husema kuwa mshika mbili moja humponyoka. Ya pili husema kuwa njia mbili zilimshinda fisi. Zote mbili hutuonya tusiitawanye nguvu yetu, na maonyo hayo yamewaokoa watu wengi. Walakini methali ni mfano wa dawa: humfaa mgonjwa aliyepimwa, na humdhuru anywaye bila ya kuyajua maradhi yake. Kabla ya kumwambia mtu achague njia moja na kuiacha nyingine, yatupasa kwanza kuuliza kama njia hizo zimetengana kweli, au kama mbele yake pana mahali zinapokutana ambapo msafiri hajafika. Swali hili nililiona likizaliwa katika chumba cha darasa, juu ya chombo kisichozidi ukubwa wa kitabu cha mfukoni. Kwa kuwa ninyi wasomaji wangu mnaishi na vyombo vya namna hiyo kila siku, naona ni faida kuwaeleza habari yake.

Chombo chenyewe ni diski ya pasiwaya. Ni ghala dogo la kubebeka. Ndani yake mna nafasi ya kuhifadhi maandishi, picha, sauti na filamu; mna betri ya kukipa uhai wa saa kadhaa pasipo umeme wa ukutani; na mna redio ndogo ya waifai. Redio hiyo ndiyo inayoitofautisha diski hii na ndugu zake wa zamani, ambao hawasemi neno mpaka wachomekwe kwa waya. Diski ya pasiwaya ikiwashwa hutangaza jina lake hewani kama mpiga mbiu, na simu au tarakilishi yoyote iliyo karibu yaweza kuisikia, kuingia, na kusoma yaliyomo. Vyombo vya namna hii vilianza kujulikana mwaka 2011, wakati kampuni ya Seagate ilipotoa diski iliyoitwa GoFlex Satellite, yenye nafasi ya gigabaiti 500. Mwaka 2014 kampuni ya Western Digital ilitoa yake, My Passport Wireless, ambayo iliweza kuhudumia vyombo vinane kwa wakati mmoja.

Atakaye kupima ukubwa wa ghala hilo na afikiri hivi. Wikipedia nzima ya Kiingereza, pamoja na picha zake zilizopunguzwa ukubwa, ikifungwa ili isomwe bila ya intaneti kwa programu ya Kiwix, huchukua nafasi ya gigabaiti 100 hivi. Basi diski ya gigabaiti 500 yaweza kuibeba kamusi elezo hiyo na bado ikabaki na nafasi ya masomo ya shule nzima. Mtu huitia mfukoni akavuka nayo mto.

Intaneti nayo ni soko. Haina mwisho wa bidhaa, na kila saa hupokea mpya. Tangu mwaka 2009, nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa, soko hilo limewasogelea Wakenya kuliko zamani. Lakini kusogea kwa soko si sawa na kuwa na nauli ya kwenda sokoni kila saa. Data hununuliwa, mnara wa simu huenda ukawa nyuma ya kilima, na filamu moja ya somo, ikiletwa kutoka mbali mara arobaini kwa wanafunzi arobaini, hulipiwa mara arobaini. Ghala halina ada hiyo. Filamu huwekwa mara moja ikatazamwa mpaka macho yachoke. Hata hivyo ghala lina upungufu wake: halijui habari ya leo, halipokei barua, wala haliwezi kumpelekea mtu ombi lako. Mwenye ghala pasipo soko hula akiba ya jana. Mwenye soko pasipo ghala hununua kila kitu kila siku. Heri ni kuwa na vyote viwili.

Mimi ni mwalimu. Baada ya kutoka chuo cha ualimu nilipelekwa kufundisha katika shule moja ya kutwa iliyo bara ya Kwale, mahali ambapo mbuyu huonekana kabla ya nyumba, na maji huheshimiwa kuliko maziwa. Shule ilikuwa na vipakatalishi vinane, ruta moja iliyopata intaneti kutoka mnara wa simu, na vitabu vichache kuliko wanafunzi. Siku moja mfadhili alituletea diski ya pasiwaya iliyojaa masomo: filamu fupi za biolojia na kemia, vitabu vya hadithi, kamusi, ramani, na mitihani ya miaka iliyopita. Wanafunzi waliipokea kama wapokeavyo mvua ya kwanza.

Furaha hiyo haikukaa wiki mbili. Ilionekana kwamba mwanafunzi akikiunganisha kipakatalishi na diski, intaneti hutoweka. Naye akikirudisha kwa ruta, diski hutoweka. Aliyekuwa akitazama filamu ya moyo wa binadamu hakuweza kutafuta maana ya neno lililompiga chenga, na aliyekuwa akitafuta neno hakuweza kuendelea na filamu. Chumba kikagawanyika. Wengine walisema kuwa diski ni mbovu. Wengine walisema kuwa ruta ina wivu. Mwalimu mmoja mwenye umri na hekima, ambaye sote tulimwita Mzee, aliniambia kwa upole, “Mwalimu, njia mbili zilimshinda fisi. Tuchague moja tupumzike.” Mhazini wa shule aliposikia hayo aliona mlango wa kupunguza gharama. Kama diski ina masomo yote, alisema, kwa nini shule ilipie data kila mwezi? Jambo likaandikwa miongoni mwa mambo ya kupelekwa mbele ya bodi ya shule: intaneti ikatwe.

Katika siku hizo hizo palikuwa na msichana wa Kidato cha Tatu aliyefiwa na baba. Mama yake aliuza mkaa, na karo ilikuwa imemshinda. Msichana alisikia habari za msaada wa karo ambao maombi yake yalipelekwa kwa intaneti tu, na mwisho wa kuyapokea ulikuwa siku ya Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Barua ya chifu iliyoeleza hali ya nyumba yao, pamoja na ripoti yake ya masomo, zilikuwa zimepigwa picha na kuwekwa katika diski pamoja na karatasi nyingine za darasa. Hapo ndipo tatizo la chumba kizima lilipomwangukia mtu mmoja. Fomu ilikuwa upande wa intaneti. Vyeti vilikuwa upande wa diski. Alijaza fomu mpaka mahali palipomtaka aambatishe barua. Alipojiunga na diski kuichukua, fomu ilikatika. Aliporudi kwa ruta, aliikuta fomu tupu kama ilivyokuwa asubuhi, akaanza upya. Baada ya mara ya tatu nilimwona amekunja mikono, anaitazama saa ya ukutani.

“Mwalimu,” aliniambia, “barua ninayo, na mlango ninauona, lakini siwezi kuipitisha barua mlangoni.”

Ilikuwa saa kumi kasoro robo. Wakati wa haja haumngojei mtu atafute elimu ya sababu, basi tulitumia dawa ya haraka. Nilimwambia asisafiri na kisima. Achote maji kwanza, kisha aende. Alijiunga na diski, akanakili barua na ripoti kutoka ndani yake na kuziweka katika kumbukumbu ya kipakatalishi chenyewe. Kisha aliiacha diski, akajiunga na ruta, akajaza fomu, na palipomtaka barua aliitoa papo hapo alipoiweka. Saa kumi na nusu na dakika chache maombi yalikuwa yamekwenda. Dawa hiyo ni nyepesi na haina gharama, na kwa mtu mwenye karatasi mbili au tatu yatosha kabisa. Naiandika hapa kwanza kwa sababu watu wengi huiruka wakitafuta iliyo ngumu.

Lakini dawa ya mtu mmoja si tiba ya chumba kizima. Wanafunzi arobaini hawawezi kunakili ghala zima kila asubuhi, wala vipakatalishi vyetu havikuwa na nafasi ya kulipokea. Nilichukua maelezo ya diski nikaenda nayo nyumbani, nikayasoma kwa siku mbili, kisha nikayajaribu Jumapili chumba kikiwa kitupu. Nilichokipata naweza kukieleza kwa maneno machache.

Redio ya waifai katika kipakatalishi cha kawaida hujiunga na mtandao mmoja tu kwa wakati mmoja. Nayo diski ya pasiwaya, jinsi inavyotoka kiwandani, si mgeni ndani ya mtandao wa shule. Ni mtandao kamili peke yake, wenye jina lake na mipaka yake. Kipakatalishi kikijiunga nayo huifanya kuwa mlango wake wa kutokea. Kila ombi, liwe la kitabu kilichomo ndani ya diski au la habari iliyo London, hupelekwa kwenye mlango ule mmoja. Ombi la kitabu hujibiwa. Ombi la London hugonga ukuta, kwa kuwa diski haina njia ya kwenda nje. Basi diski haikuwa mbovu, wala ruta haikuwa na wivu. Sisi tulikuwa tumeingia katika ghala lisilokuwa na mlango wa nyuma, kisha tukashangaa kwamba soko halionekani.

Sababu ikijulikana, tiba haiwi mbali. Tiba ya kwanza ni kulitoboa ghala mlango wa nyuma. Diski nyingi za namna hii zaweza kujiunga zenyewe na ruta, huku zikiendelea kutangaza jina lao kwa watumiaji. Mtu huunganisha kipakatalishi na diski kama kawaida, hufungua ukurasa wa mipangilio yake, hutafuta mahali palipoandikwa habari za mitandao, huchagua jina la ruta ya shule, na huandika neno la siri la ruta hiyo. Baada ya muda mfupi diski huwa mjumbe. Ombi la kitabu hulijibu yenyewe. Ombi la nje hulipokea na kulikabidhi kwa ruta, kisha hurudi na majibu. Mwanafunzi amejiunga na mtandao mmoja tu, lakini amefika mahali pawili. Katika baadhi ya vyombo uwezo huu haukuwapo siku ya kununuliwa, ila ulikuja baadaye kwa kuwekwa toleo jipya la programu ya chombo. Kwa hiyo si haki kukihukumu chombo kabla ya kutazama umri wa programu yake.

Tiba ya pili ni kuipa tarakilishi masikio mawili. Tarakilishi yenye tundu la waya wa mtandao yaweza kupata intaneti kwa waya kutoka ruta, na wakati huo huo ikajiunga na diski kwa waifai. Na mtu aliye peke yake hana haja hata ya hilo: na aichomeke diski kwa waya wa USB, aiachie waifai kazi ya intaneti. Ila ajue kwamba baadhi ya diski huzima redio yake zinapochomekwa hivyo, na wenzake waliokuwa wakisoma hukatiwa ghafla. Kinachomfaa mmoja huenda kikawanyima wengi.

Tiba ya tatu ni ya simu, ambayo kwa kuzaliwa ina redio mbili: ya waifai na ya mnara. Simu hupendelea waifai. Lakini ikigundua kuwa waifai iliyoipata haina intaneti, humwuliza mwenyewe kama ataka kubaki. Simu nyingi za Android, kuanzia toleo la 5 la mwaka 2014, zaweza kubaki na waifai hiyo na kuitafuta intaneti kwa data ya mnara. Ajibuye kuwa abaki hupata vitabu kwa diski na habari kwa mnara. Ajibuye kwa haraka bila ya kusoma swali hujikuta ametolewa ghalani, kisha hulaumu ghala. Simu hazifanani tabia, na mwenye simu ndiye apaswaye kuijua yake.

Yako matatizo mawili ambayo huwangojea hata wale waliokwisha kufaulu. La kwanza ni la anwani. Kila chombo ndani ya mtandao hupewa anwani ya tarakimu. Ikiwa ruta hugawa anwani zinazoanza kwa 192.168.1, na diski nayo ikagawa za mwanzo huo huo, tarakilishi yenye masikio mawili huwa kama tarishi aliyepewa barua ya kijiji ambacho jina lake ni la vijiji viwili. Barua hupotea, na hakuna anayejua ni wapi. Dawa yake ni kubadili tarakimu ya tatu upande mmoja, ili kila kijiji kiwe na jina lake. La pili ni la nguvu. Redio moja ikifanya kazi ya kusema na ruta na kusema na wanafunzi, hugawa wakati wake, na mwendo wa intaneti hupungua. Betri nayo huisha upesi. Mjumbe wa watu wanane hawezi kukimbia kama mjumbe wa mtu mmoja.

Juu ya hayo pana jambo la amana. Diski nyingi hutoka kiwandani bila ya neno la siri. Ikiwa peke yake, anayeweza kuichungulia ni yule aliye karibu tu. Ikiunganishwa na ruta, huenda watumiaji wengine wa ruta hiyo nao wakaiona, kwa kadiri ya mipangilio yake. Ghala lenye milango miwili huhitaji makufuli mawili. Kwa hiyo kabla ya kuifungua njia nilitia neno la siri, nikaondoa barua za machifu na ripoti za wanafunzi, nikaziweka mahali pengine. Shida ya nyumba ya mtu si kitabu cha kusomwa na darasa zima.

Bodi ilipokutana, mimi na Mzee tuliitwa. Sikuwaletea wajumbe hotuba. Niliwasha diski juu ya meza, nikampa mwenyekiti kipakatalishi kimoja, nikamwomba atazame filamu ya moyo wa binadamu kutoka ghalani, kisha afungue habari za siku hiyo kutoka sokoni bila ya kubadili chochote. Alifanya yote mawili. Mhazini aliuliza swali la haki: gharama je? Nilimjibu kwamba filamu, ambazo ndizo zinazokula data nyingi, sasa zitatoka katika diski, na intaneti itaachiwa kazi ambazo diski haziwezi: fomu, barua, na habari mpya. Shauri likawa kwamba tujaribu kwa muhula mmoja. Muhula ulipokwisha, data iliyozoea kuisha kabla ya mwezi ilikuwa ikifika mwisho wa mwezi, na neno la kukata intaneti halikutajwa tena. Mzee alisema kwamba fisi angalifaulu lau angalikutana na mtu wa kumchongea njia ya kuunganisha zile mbili. Nilipenda kwamba yeye ndiye aliyelisema.

Msichana yule alipata nusu ya karo aliyoiomba. Nusu si kamili, lakini ilimrudisha darasani, na nusu ya pili jamaa zake waliichanga.

Wala wazo hili si la shule yetu peke yake. Mjini Nairobi kampuni ya BRCK ilitoa mwaka 2015 sanduku lililoitwa Kio Kit, lenye tableti 40 na kifaa kilichochukua masomo ndani yake na kuunganisha na intaneti kila ilipopatikana. Wahandisi wa mji na walimu wa kijiji walikuwa wakipigana na shida moja: mahali ambapo intaneti ni haba, masomo na yakae karibu na mtoto, na intaneti ije kuyaongeza na kuyafanya upya.

Vijana wangu, mtaambiwa mara nyingi mchague. Mtaambiwa mchague lugha ya nyumbani au lugha ya ulimwengu, maarifa ya bibi au maarifa ya maabara, kijiji au mji. Mahali pengine uchaguzi huo ni wa kweli, na hapo wahenga wasikilizwe. Lakini mara nyingi anayewaambia hivyo ameona mlango mmoja tu, akadhani nyumba haina mwingine. Msikubali upesi, wala msibishe upesi. Ulizeni kwanza ni kitu gani kinachozitenganisha njia hizo mbili. Tazameni kama katikati yake hapawezi kuwekwa mjumbe anayejua kusema na pande zote. Kisha hesabuni gharama yake bila ya kujidanganya, kwa maana kila daraja lina ushuru. Atakayefanya hivyo atajua ni lini ashike moja, na ni lini ashike mbili pasiwe na hata moja inayomponyoka.